Megawati tunazo, giza linatoka wapi?

Wadau, tulijadili hili bila ushabiki. Kila umeme ukikatika hapa Tanzania hoja huwa ni zile zile mbili. Kundi la kwanza linasema tuvumilie, miradi inakuja. La pili linasema ni hujuma, kuna wakubwa wanauza majenereta na sola, ndiyo maana taa hazitulii. Ukiwasikiliza vizuri, wote wanabishania uzalishaji. Mimi naleta hoja ya tatu: njaa ya kuzalisha umeme tulikuwa nayo, tena mbaya, ila kwa sasa tatizo limetoka kwenye mitambo likahamia kwenye laini, vituo vya kupozea umeme na transfoma zilizotundikwa nguzoni mitaani kwetu. Tusipokubali kwamba limehama, tutaendelea kupigia makofi mabwawa huku tukiwasha mishumaa.

Kwanza tutenganishe mgao na kukatika, maana watu wanavichanganya. Mgao una ratiba. Umeme hautoshi, kwa hiyo leo mnazimiwa ninyi, kesho wenzenu. Kukatika hakuna ratiba: unapiga pasi shati la kazini, pyuu, giza, na mtaa wa pili taa zinawaka kama kawaida. Hayo ni magonjwa mawili tofauti na dawa zake hazifanani.

Mgao tunaujua. Kwa miaka mingi nchi ilitegemea vituo vya umeme wa maji vya Mtera, Kidatu (megawati 204), Kihansi (180) na vituo vya Mto Pangani. Mvua ikigoma, Mtera inashuka, nchi inaingia gizani. Ndivyo ilivyokuwa 2006, tukakimbilia mitambo ya dharura, tukapata sakata la Richmond, kampuni iliyopewa mkataba wa mitambo hiyo, na Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu baada ya ripoti ya kamati teule ya Bunge. Mwaka 2011 tukarudi kule kule. Oktoba 2015 ukame ulifika mahali mitambo ya maji ikazimwa yote, na kilichotuokoa ni gesi, maana bomba la kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam lilikuwa limezinduliwa mwezi huo huo. Mwishoni mwa 2023 tukaingia tena kwenye upungufu wa karibu megawati 400. Anayesema kuna kipindi tulikosa umeme wa kutosha, simbishii.

Halafu likaja Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji. Mitambo tisa, kila mmoja megawati 235, jumla 2,115. Wa kwanza uliingiza umeme kwenye gridi Februari 2024, wa mwisho ukakamilika Aprili 2025. Uwezo wa mitambo yote ya gridi ukapita megawati 4,000, wakati matumizi ya juu kabisa ya nchi yalikuwa karibu nusu ya hapo. Na angalieni kichekesho hiki: Machi 2024, mtambo mmoja tu wa Rufiji ukiwa umeshawashwa na mvua zimejaa, shirika la umeme TANESCO lilizima vituo vitano vya maji kwa sababu umeme ulizidi mahitaji. Nchi ikawa na umeme wa ziada, na bado kuna watu usiku huo walilala gizani. Tukiweza kueleza hilo, tumeeleza karibu kila kitu.

Nianze na mtaani, maana huko ndiko ninakoona kwa macho yangu.

Mtaani kwetu kuna kijana anachomelea mageti. Kazi yake anaianza saa kumi alfajiri. Si kwamba ana bidii kuliko wengine, ni kwamba saa moja jioni mashine yake haiwezi kuchomelea kabisa. Akigusisha waya kwenye chuma, inatoa cheche mbili tatu na kunata, basi. Muda huo taa za majumbani zimekuwa nyekundu kama jicho la mgonjwa, feni inazunguka ukiweza kuhesabu mapanga yake, na friji inanguruma bila kugandisha. Alfajiri watu wamelala, umeme una nguvu, geti linachomeka. Huyo kijana hajasoma uhandisi, lakini ameshaupima mtaa wetu kuliko mtu yeyote.

Kinachotokea pale ni rahisi. Transfoma ilifungwa wakati mtaa una nyumba chache zenye taa na redio. Leo kuna friji, pasi, pampu za maji, mashine mbili za kusaga, saluni, na wengine wameanza kupikia umeme. Laini ni ile ile, imevutwa nguzo baada ya nguzo kila mwenye kiwanja alipojenga, na nyumba ya mwisho iko mbali mno na transfoma. Wote tukiwasha jioni, wa mwisho anapata makombo. Mzigo ukizidi fyuzi inakatika, ikirudishwa inakatika tena, na transfoma ikichemka hivyo kwa miezi, siku moja inapasuka. Ya kwetu ilipasuka usiku wa mvua, ikamwaga mafuta chini, asubuhi watoto wakaja kuitazama. Simlaumu mtu. Mimi mwenyewe nilinunua friji mwaka huo. Ila niambieni, bwawa la Rufiji lingeisaidiaje transfoma ile? Hata tungejenga mabwawa kumi, ingepasuka vile vile.

Sasa tupande juu kidogo, kwenye laini kubwa. Kuna kanuni moja ya umeme ambayo ingefundishwa kwenye mikutano ya hadhara tungepunguza kelele nyingi: ukipandisha msongo (volti) mara mbili, mkondo unapungua nusu kwa mzigo ule ule, na kinachopotea njiani kinabaki robo. Ndiyo maana mzigo mkubwa ukisafirishwa mbali unahitaji laini ya kilovolti 400. Umeme wa Rufiji unatoka kwa laini ya kilovolti 400 hadi Chalinze. Swali ni unaendaje mbele ya Chalinze. Mitambo yetu mingi, ya gesi na ya maji, iko mashariki na kusini, wakati migodi iko Kanda ya Ziwa, na kaskazini kuna utalii na viwanda. Laini zikiwa nyembamba au za zamani, umeme unafika kule umechoka, na laini moja ikiangushwa na upepo hakuna njia ya pili ya kupitia.

Gridi ikiwa dhaifu, hitilafu ndogo inakuwa kubwa. Wenzetu Kenya mnakumbuka Juni 2016 tumbili alivyodondokea transfoma kwenye kituo cha Gitaru, nchi nzima ikaingia gizani kwa saa kadhaa. (Tumbili alipona, kama kuna aliyekuwa na wasiwasi.) Tulicheka sana huku kwetu, lakini lile ni jambo la kujifunza. Kituo kimoja kikitoka ghafla, mitambo iliyobaki inabeba mzigo usio wake, mzunguko wa umeme (mara unazogeuka kwa sekunde) unashuka chini ya hezi 50, nayo inajizima ili isiungue, mmoja baada ya mwingine.

Hapo ndipo inapoingia hoja iliyowachoma wengi. Machi 2025, akiwa ziarani Kilimanjaro, Rais Samia alisema mikoa ya kaskazini itanunua umeme kutoka Ethiopia kupitia Kenya, kwa kuwa kuusafirisha wetu kutoka kusini kunapoteza mwingi njiani. Watu wakalipuka: tumejenga bwawa kwa matrilioni halafu tununue umeme wa jirani?

Kwa hasira zenu nawaelewa, kwa hoja siwaungi mkono. Kagera imetumia umeme wa Uganda miaka mingi. Sumbawanga wamewashiwa taa kutoka Zambia. Kununua mpakani ni biashara ya kawaida kabisa, na laini ya kilovolti 400 inayotuunganisha na Kenya kupitia Namanga inapitisha umeme pande zote mbili. Siku wenzetu wakipungukiwa, na sisi tunauza. Aibu, kama ipo, iko kwingine: kwamba tulianza na bwawa, laini za kulifikisha kwenye mikoa zikafuata nyuma. Hilo ndilo swali la kumuuliza mbunge wako.

Kuna mdau alinibana vizuri hapa. Aliuliza: Ethiopia si mbali kuliko Rufiji? Upotevu huo hautakuwa mkubwa zaidi? Swali zuri. Kutoka Ethiopia hadi Suswa, Kenya, umeme unapita kwenye laini ya kilovolti 500 ya mkondo mnyoofu (DC), zaidi ya kilomita 1,000, na kwa umbali kama huo mkondo mnyoofu unapoteza kidogo kuliko huu wa kawaida. Pili, inategemea mita ya kuuziana imewekwa wapi. Ukinunua kwa kipimo cha mpakani, kilichopotea kabla ya hapo ni hasara ya muuzaji, japo unaweza kuta ameshakihesabu kwenye bei. Kwa hiyo mahesabu yanaweza kukubali. Lakini nayataka mezani: bei ya uniti mpakani, bei ya uniti ya Rufiji ikifika Arusha, na gharama ya laini mpya ya kuondoa huo upotevu. Bila namba hizo tatu sote tunabahatisha, wanaotetea na wanaopinga.

Mwingine kaandika kwamba haya yote ni maneno, shida ni ufisadi tu. Ndugu yangu, ufisadi umetuumiza, nimeutaja hapo juu. Lakini tazama ulipata wapi nafasi. Ulitukuta gizani, tukiwa na haraka, tunasaini mikataba ambayo mtambo unalipwa kwa kuwepo tu hata usipowashwa. Anayenunua jeneza usiku wa msiba haulizi bei. Mipango ya miaka kumi kabla inaziba mwanya huo kuliko hotuba za kukemea.

Hela sasa. Hapa najua nitapigwa mawe. Mwisho wa 2016 EWURA, mdhibiti wa bei za umeme, ilitangaza kupandisha bei ya umeme kwa asilimia 8.5. Ikasimamishwa kabla haijaanza, na Januari 1, 2017 Rais Magufuli akamwondoa mkurugenzi mtendaji wa TANESCO. Tulishangilia, mimi nikiwemo. Lakini tangu siku ile nani mwingine angethubutu kutaja bei? Mtumiaji mdogo wa chini ya uniti 75 kwa mwezi analipa shilingi 100 kwa uniti, kijijini anaunganishwa kwa 27,000. Hayo nayaunga mkono, kwa sababu bila hayo bibi yangu angekuwa anatumia koroboi mpaka leo. Ila kila nyumba mpya inaongeza mzigo kwenye transfoma ile ile, na pesa ya kuibadilisha lazima itoke mahali. Kuunganisha kijiji kuna sherehe, kuna utepe na ngoma. Kubadilisha transfoma ndogo ya kVA 50 kwa kubwa ya kVA 200 hakuna waziri anayekuja.

Afrika Kusini ndio walionifundisha hapo. Walikuwa na mitambo mikubwa ya makaa ya mawe kuliko nchi yoyote barani, ila ya zamani ikatumikishwa bila matengenezo ya kutosha na mipya ikachelewa. Mgao ukawakuta kuanzia 2007, na 2023 ndio ukawa mbaya kuliko yote. Walikuwa na uwezo kwenye karatasi, kama sisi sasa.

Kuna hoja moja ya wapinzani wangu ambayo naikubali bila ubishi, nayo ni ya maji. Mtera na Kidatu ziko Mto Ruaha Mkuu, Kihansi iko bonde la Mto Kilombero, na mito yote hiyo inaishia Rufiji. Kwa hiyo bwawa jipya, pamoja na ukubwa wake wa karibu mita za ujazo bilioni 33, linakunywa kwenye bonde lile lile. Tumeongeza mayai, kapu halijabadilika. Na Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka msimu wa kiangazi tangu miaka ya 1990, maji yakiishia juu huko Usangu, kwenye mashamba ya mpunga na kwa mifugo kabla ya kufika kwenye ardhioevu ya Ihefu na Hifadhi ya Ruaha. Ziwa la Rufiji linaweza kutubeba mwaka mmoja mbaya, labda na zaidi. Miwili mitatu mfululizo, sina uhakika. Ndiyo maana gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay isiachwe izeeke kwa sababu tuna bwawa, na umeme wa jua kama ule wa Kishapu, Shinyanga, una faida ambayo watu hawaisemi: uko karibu na migodi inayoutumia, kwa hiyo hausafiri kutoka mwisho mmoja wa nchi.

Kwa hiyo msimamo wangu: kwa miaka michache ijayo, kila shilingi ya bwawa jipya ihamie kwanza kwenye laini za kilovolti 400, vituo vya kupozea na transfoma za mitaani. Asiyekubali aje na hoja.

Naomba kitu kimoja kwa wachangiaji: msiandike tu "huku kwetu hakuna umeme". Ukikatika leo, toka nje uangalie. Umezimika mtaa wako peke yake, kata nzima, au mkoa? Taa zilififia kwanza au zilizimika kwa mpigo? Ulikuwa ni usiku wa mvua na upepo, au saa mbili jioni watu wanapika? Fezi moja imebaki kwa jirani? Andikeni na muda. Tukipata majibu hata hamsini ya namna hiyo kutoka mikoa tofauti, tutajua kama nimekosea.