Imla ya Kijerumani kuhusu teknolojia inanishinda: nianzie wapi?

Fundi wa Makoroboi:
Habari zenu, ndugu zangu. Mimi ni fundi wa simu hapa Mwanza, Makoroboi, na huu ni mwaka wa pili ninajifunza Kijerumani nikijiandaa kwa mtihani wa B1, yaani ngazi ya kati. Kusoma si tatizo. Tatizo ni imla, hasa mwalimu anapochagua habari za teknolojia, ambazo nilidhani zingekuwa mteremko kwangu kwa kuwa vifaa vyenyewe navishika kutwa nzima. Juzi neno Betriebssystem, yaani mfumo endeshi, nililiandika vipande vitatu, kwa p badala ya b, na s moja ikapotea. Nikirudiwa mara ya tatu ndipo napata maneno, na wakati huo wenzangu wamekwisha kufunga madaftari.

Mwalimu wa Nyegezi:
Ndugu Fundi, sikio lako halina kasoro, uliandika ulichosikia. Kijerumani hutamka b, d na g za mwisho wa silabi kama p, t na k, kwa hiyo Betrieb lazima lisikike na p. Dawa yake ni kulipeleka neno kwenye wingi: ukisema Betriebe, b hujitokeza, vivyo hivyo Bild husikika na t, lakini Bilder huitoa d waziwazi, nawe utaandika Bildschirm, kile mnachokiita kioo, bila wasiwasi. Ile s iliyopotea ni gundi inayounganisha Betrieb na System, na kwa kuwa System lina s yake mwanzoni, zinakuwa mbili. Sisi tuliozoea silabi zinazoishia na irabu hulikatakata neno refu popote pumzi inapotua, ilhali linapaswa kushikwa kwa mkia wake, maana mkia ndio unaobeba maana kuu na jinsia: Ladekabel, waya wa kuchajia, ni aina ya Kabel, yaani waya, basi nalo hutanguliwa na das kama Kabel.

Uangalie pia vitenzi vinavyogawanyika. Sisi husema "ninaipakua", viambishi vyote vikiwa vimeshikana na mzizi, lakini Mjerumani husema Ich lade die Datei herunter, yaani ninapakua faili, na kipande cha herunter anakiacha mwishoni kabisa. Anayeweka nukta mapema hukikosa.

Msafiri wa Kamanga:
Naomba kuongezea. DW, redio ya Ujerumani, hii hii tunayoisikiliza kwa Kiswahili, hutoa taarifa za habari za Kijerumani zinazosomwa polepole, Langsam gesprochene Nachrichten, pamoja na maandishi yake, bila malipo. Mimi huzipakua usiku, na asubuhi nikiwa kwenye kivuko kwenda Sengerema nasikiliza sentensi moja, nasimamisha, naandika kwa kalamu, narudia. Maandishi siyafungui mpaka nimalize. (Abiria mmoja aliwahi kuniuliza kama ninaandika barua ya posa.) Hata hivyo, imla peke yake haitakuvusha. Mtihani wa B1 wa Taasisi ya Goethe hauna imla. Una sehemu nne za kusikiliza, mbili kati yake husikika mara moja tu, na kufaulu ni alama 60 kati ya 100. Aliyezoea kusimamisha sauti kila sentensi ataumia siku hiyo.

Mwalimu wa Nyegezi:
Hapo umesema kweli. Basi Fundi akimaliza kuandika na kusahihisha, mzunguko wa mwisho asikilize habari nzima bila kalamu wala kusimamisha.

Fundi wa Makoroboi:
Asanteni sana. Jana usiku nilijaribu, na Bildschirm, Akku (betri) na Ladegerät (chaja) vyote nilivipata, hata herufi kubwa za nomino sikuzisahau. Nimekwama kwenye tarakimu: fünfundvierzig niliandika 54.

Mwalimu wa Nyegezi:
Ni kwa sababu wao hutaja mamoja kabla ya makumi, "tano na arobaini". Ukisikia fünfund, acha nafasi ya tarakimu moja ndipo uandike 5. Likija vierzig, rudi nyuma uijaze nafasi kwa 4. Fanyia mazoezi namba za simu za wateja wako, mbili mbili, kwa sauti.