Ulimwambia nani kwanza? Tupeane uzoefu wa mimba ambazo hatukuzipanga

MamaTush
Akina dada, na nyinyi wanaume mnaosoma kimyakimya, nataka hadithi moja kwa kila mtu. Ile mimba iliyokujia ghafla, ulimwambia nani kwanza, naye alikujibu nini? Mambo ya kliniki tuyaache kando leo.

Naanza. 2016, niko mwaka wa tatu chuoni, chumba kimoja Kahawa Wendani, choo ni cha ploti nzima. Nilipima saa kumi na moja alfajiri kabla foleni haijaanza. Mistari miwili. Nikakitia kile kipimo ndani ya soksi, nikaenda darasani nacho, sijui hata kwa nini.

Jioni nikasimama kwa mama mboga kununua sukuma, sauti ikakataa kutoka. Aliendelea kukata sukuma yake, hata hakuinua macho. Akaniuliza, "Umekula?" Basi. Alinisogezea ndoo niikalie nyuma ya kibanda, nikalia mpaka nikachoka, wateja wanakuja na kuenda kama sipo. Kuhusu aliyenipa mimba hakuuliza, si siku hiyo wala baadaye. Mpenzi wangu nilipomwambia usiku, aliniuliza kama nina uhakika mara nne.

Fundi_Gikomba
Mimi ndiye niliyeambiwa. Nilizima simu siku tatu. Msinipige mawe, nilikuwa na miaka 22 na kibarua cha kuranda mbao. Fundi wangu aliona nimeharibu vitanda viwili, akanivuta kando, nikamwambia. Akasema, "Washa simu. Hata kama huna la kusema, washa." Niliwasha, nikakaa na yule msichana kwenye laini karibu saa nzima, hakuna anayeongea. Aliniambia juzi kuwa simu hiyo ndiyo iliyomfanya alale. Mjomba wake naye alikuja kunisomea Katiba, kifungu cha 53, kwamba mtoto ana haki ya kutunzwa na baba na mama, wawe wameoana au la. Alikuwa ameichapisha kabisa.

Wanja_K
Nilimwambia mchungaji. Jumapili iliyofuata mahubiri yakawa ya uzinzi. Sina zaidi.

MamaTush
Wanja, pole dadangu. Sisi tunakusikia.

Achi_wa_Dandora
2019, kidato cha tatu. Niliogopa nyumbani, kwa hivyo wa kwanza akawa mtu nisiyemjua, mshauri wa 116, ile nambari ya watoto, kupiga ni bure. Niliongea nikiwa nimejifungia bafuni, maji yamefunguliwa. Alinisaidia kutafuta maneno ya kumwambia mamangu, tukayarudia kama shairi la shule.

Mama hakunisemesha wiki mbili. Lakini kila usiku nilikuta chakula changu kimefunikwa na sahani, na ile nyama ya kwake imo pia. Siku ya kliniki alivaa leso yake ya kutokea, akakaa nami kwenye benchi kutoka saa moja asubuhi. Muuguzi alipoanza kunifokea mbele ya watu, mama akamwambia, "Huyu nimeshamgombeza. Wewe mpime." Hapo ndipo nilijua nimesamehewa.

Shule walitaka nisirudi. Ni yeye aliyeenda kuwakumbusha kuwa sera ya wasichana kurudi shule baada ya kujifungua iko tangu 1994.

Nesi_mstaafu
Achi, kwa niaba ya huyo muuguzi, samahani. Nilipitia wodi za uzazi miaka mingi na tulifokea wengi.

Niongeze moja tu. Machozi ya siku chache baada ya kujifungua ni ya kawaida. Yakipita wiki mbili, au ukiona mtoto hakuvutii, au usingizi umekataa hata mtoto akilala, mwambie muuguzi. Mawazo ya kujidhuru yakija usingoje siku ya kliniki, nenda hospitali na mtu siku hiyohiyo. Huo ni ugonjwa na unatibika, shosho akisema ni uvivu msimsikilize.

Sina_jina
Nimesoma zote tangu asubuhi. Mimi niko wiki ya kumi. Sijamwambia mtu, nyinyi ndio wa kwanza.

MamaTush
Asante kutuambia. Uko mtaa gani? Usijibu hapa, niandikie kando.

Sina_jina
Nimekuandikia. Na bado sijakula.