Usimamizi wa ujenzi katika chuo cha jamii Marekani: krediti, hesabu na masomo yanayoangusha watu

Kokoto:
Wakuu, naomba mwongozo kuhusu kozi ya usimamizi wa ujenzi kwenye vyuo vya jamii vya Marekani. Mpango ni kusoma miaka miwili, kisha kuhamia chuo kikuu kumalizia shahada. Nichague stashahada ya aina gani, na somo lipi huwaangusha wengi?

Timazi:
Mkuu, angalia kwanza herufi za cheti. Stashahada za miaka miwili zina krediti kama 60, lakini A.A.S. (Associate of Applied Science) hulenga kukuingiza kazini na A.S. (Associate of Science) hulenga kuhamia chuo kikuu. A.A.S. imejaa masomo ya saiti, na hesabu zake mara nyingi huishia kwenye hesabu za ufundi. Ukifika chuo kikuu unadaiwa kalkulasi, takwimu na fizikia, unaanza kulipia upya.

Omba orodha ya maandishi kutoka chuo kikuu unachokitaka: somo hili la hapa linasimama badala ya somo lipi la kule. Wakikuambia tu "krediti zako zitapokelewa", usitulie. Zinaweza kupokelewa kama masomo ya hiari, zikajaa kwenye rekodi na zisipunguze hata somo moja la lazima. Angalia pia kama programu imeidhinishwa na ACCE, wanaoidhinisha kozi za ujenzi za stashahada na za shahada. Kama uko kwa viza ya mwanafunzi, F-1, beba angalau krediti 12 kwa muhula, na humo somo la mtandaoni linalohesabika ni moja tu, lisilozidi krediti 3.

Pimamaji:
Somo linaloangusha ni makisio, yaani kukadiria vifaa vya kazi kutoka kwenye mchoro. Hesabu yenyewe ni ya kuzidisha na kugawanya, vipimo ndivyo vinavyoua. Chukua slabu (sakafu ya zege) ya futi 20 kwa 30, unene inchi 4. Inchi 4 ni theluthi ya futi, kwa hiyo 600 × 1/3 = futi za ujazo 200. Yadi moja ya ujazo ni futi za ujazo 27, kwa hiyo gawanya kwa 27 upate yadi za ujazo 7.4. Anayeandika 0.4 badala ya 0.333 anapata 8.9, yaani yadi moja na nusu ya zege isiyo na pa kwenda.

Kisha kuna upotevu. Ukiongeza 5% unapata 7.8, na wengi wangeagiza 8. Lakini udongo chini ya slabu ukiwa umeshuka nusu inchi tu, unameza karibu yadi nzima, na hiyo 8 haitoshi. Lori likiishiwa zege kabla slabu haijajaa, unabaki na kiungo baridi katikati ya sakafu, yaani mstari dhaifu ambapo zege jipya halishikani vizuri na lililoanza kukauka. Kwa hiyo kabla ya kuagiza, kamba ivutwe juu ya fomu (mbao zinazoshikilia zege) na kina kipimwe sehemu kadhaa.

Nondo nazo: ukiacha inchi 3 kila ukingo, upana wa futi 20 unabaki 19.5. Kwa nafasi ya inchi 18 unapata nafasi 13, ila nondo ni 14. Hiyo moja husahaulika kila mwaka. Na kila moja ina futi 29.5, kwa hiyo kama nondo zinauzwa za futi 20, hesabu na urefu wa kupishana.

Mchoro uliochapwa nusu ya ukubwa ni balaa lingine: urefu unatoka nusu, eneo linatoka robo. Kabla ya kupima chochote, weka rula kwenye kipimo kilichoandikwa na uhakikishe vinalingana.

Bikari:
Nyongeza kwenye ratiba. Programu ya kompyuta ya kupanga ratiba huanza na kalenda ya siku 5 za kazi. Zege likimwagwa Ijumaa na ukaandika kusubiri siku 3 kabla ya kuvua fomu, programu inaruka wikendi na kukupeleka Alhamisi. Zege halijui Jumapili. Kwa kalenda ya siku 7 fomu zinavuliwa Jumanne. Siku mbili zimepotea kwenye slabu moja, na jengo lina slabu ngapi?

Kosa la pili: wanafunzi wanapanga kazi za mikono, wanaacha manunuzi. Madirisha yana michoro ya kuidhinishwa, kutengenezwa na kusafirishwa. Hatua hizo ziweke kama shughuli kamili kwenye ratiba; mara nyingi ndizo zinazobeba njia kuu (mfululizo wa kazi unaoamua mradi uishe lini), kuta zimesimama zikisubiri.

Kokoto:
Shukrani sana. Na kadi ya mafunzo ya OSHA, wakala wa usalama kazini wa Marekani, nichukue ya saa 10 au 30?

Bikari:
Ya 30. Ile ya 10 imelenga kibarua na fundi, 30 ni ya anayesimamia wengine. Vyuo vingine wameiweka ndani ya somo la usalama, kwa hiyo uliza kabla hujailipia pembeni.

Timazi:
Na uliza kama mwalimu wa somo hilo ameidhinishwa na OSHA. Kama hana idhini, utapata maksi za darasani na kadi hupati.