Mrejesho: viatu vya kuvaa na kilti harusini Edinburgh

Ndugu zangu, niliuliza ni viatu gani vinavyofaa kuvaliwa pamoja na kilti, yaani sketi ya kitamaduni ya wanaume wa Uskoti, katika harusi ya shemeji yangu huko Edinburgh; nawashukuru kwa ushauri wenu. Mchana, pamoja na koti la twidi (kitambaa kizito cha sufu), nilivaa gili za kahawia, yaani viatu vya ngozi visivyo na ulimi, ambavyo kamba zake ndefu husokotwa mbele, huzungushwa juu kidogo ya kifundo, kisha hufungwa juu ya soksi nene za sufu. Kamba hizo zikipandishwa hadi kwenye shavu la mguu, huteremka. Usiku, kwa koti fupi jeusi liitwalo Prince Charlie, nilichagua viatu vyeusi vyenye bizimu ya rangi ya fedha, na kwangu hivyo ndivyo vilivyopendeza zaidi. Buti nimeziacha kwa matembezi ya kawaida, soksi zikiwa zimekunjwa chini.