Sabneti inanikwamisha, nasomea CCNA nipo Mbeya

kijana_wa_mafiati: Wakuu habari, najiandaa na CCNA (mtihani wa cheti cha mitandao wa Cisco), ruta na swichi naelewa fresh ila sabneti (kugawa mtandao mmoja kuwa midogo) ndo shida, nikipewa 192.168.10.77/27 nageuza kila kitu kuwa baineri mpaka muda unaisha. Kuna njia ya haraka?

mdau_kihesa: Mkuu usigeuze zote. Maski ya /27 (yani biti 27 za mwanzo ni za netiweki) ni 255.255.255.224, kwenye 256 toa 224 inabaki 32, basi unaruka kwa 32: 0, 32, 64, 96. 77 inaangukia kati ya 64 na 96, kwa hiyo netiweki ni .64, brodikasti (anwani ya kutumia wote) .95, hosti (anwani za vifaa) ni .65 mpaka .94.

dada_wa_uyole: Kweli, ila baineri usiitupe mdogo wangu, maana ukishaelewa kwamba /27 inaacha biti 5 za hosti, yani anwani 32, toa 2 (ya netiweki na ya brodikasti) unapata hosti 30, hata likija swali la /20 hutababaika, pale unahamia okteti ya tatu (namba ya tatu ya anwani) unaruka kwa 16. Huo ndo msingi, wengi wanaukwepa alafu VLSM (sabneti za ukubwa tofauti kwenye mtandao mmoja) inawashinda.

kijana_wa_mafiati: Asante dada, shikamoo. Nimejaribu 172.16.45.9/20, netiweki 172.16.32.0, brodikasti 172.16.47.255, nipo sawa?

dada_wa_uyole: Marahaba, upo sawa kabisa. Sasa fanya /29 na /22 bila kikokotoo.