Kupima mmomonyoko wa ufukwe wa Kunduchi kwa picha za setilaiti

Swali
Habari za kazi, ndugu zangu. Nimelinganisha picha ya setilaiti ya Landsat ya 1995 na ya setilaiti ya Sentinel-2 ya 2023 kwa ufukwe wa Kunduchi, Dar es Salaam, nikaona mstari wa maji umesogea nchi kavu kwa takribani mita 30. Je, naweza kuandika kwamba bahari imekula kiasi hicho?

Jibu la kwanza
Usiandike bado, ndugu yangu. Pikseli moja ya Landsat, yaani nukta ndogo kabisa ya picha yake, ni mita 30, kwa hiyo tofauti yako imo ndani ya ukungu wa kipimo chenyewe. Pia tazama saa ya kila picha pamoja na jedwali la maji kupwa na kujaa, kwani kwenye ufukwe unaoshuka mita 1 kwa kila mita 20, tofauti ya kimo cha maji ya mita 2 huusogeza mstari huo mita 40 bila hata punje ya mchanga kuondoka.

Jibu la pili
Naunga mkono. Kusanya picha nyingi za kila mwaka, zote za msimu mmoja, maana pepo za kusi na kaskazi huhamisha mchanga kuelekea pande tofauti. Kisha, katika programu ya ramani ya QGIS, chora mpaka wa uoto badala ya mstari wa maji, kwa kuwa mpaka huo haubadiliki kwa bamvua (maji makuu) moja. Tafadhali usiiache kazi hii: uchimbaji wa mchanga mitoni umeinyima pwani ile chakula chake, yaani mchanga unaoletwa na mito, na wakazi wanahitaji vipimo vya kuaminika.