Tupeane uzoefu: rimoti na spika za Bluetooth nyumbani zinakata ukutani, mlifanyaje zikafika mbali?

Mwenye uzi, Kibokoni
Asalaam aleikum jamani. Nafungua huu uzi manake naona hapa Mombasa wengi tuna shida moja na kila mtu anahangaika kivyake. Mimi nakaa nyumba ya mawe ya zamani, zile kuta za matumbawe na chokaa, ukisimama mlangoni unaona unene wa ukuta ni kama nusu mita. Amplifaya iko ukumbini ndani ya kabati, na kando yake kuna Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, ndiyo inacheza muziki wote, halafu nina rimoti ndogo ya Bluetooth ile ya kuzungusha, unapandisha sauti, unaruka wimbo. Nikiwa ukumbini mambo safi. Nikitoka barazani kukaa na wazee rimoti haishiki, na jikoni ndio kabisa. Adhana ikianza inabidi mtu ainuke mbio aende ndani azime taarabu. Dukani naambiwa nichukue yenye Bluetooth 5 eti inafika mara 4 zaidi. Kabla sijatoa pesa nataka kusikia kwa walioishika hii kazi kwa mikono yao. Kwako kilisaidia nini, na nini kilikataa?

Fundi, Majengo
Waaleikum salaam kaka. Hii nimeikuta kwa wateja wengi, na kabla hujauliza Bluetooth namba ngapi uliza kwanza hiyo redio yenyewe imekaa wapi. Raspberry Pi antena yake iko pale pale kwenye bodi, kitu kidogo tu pembeni, na hiyo hiyo moja inatumiwa na waifai na Bluetooth. Sasa wewe umeifungia kabatini, pengine kwenye kasha la chuma ili isipate joto, nyuma yake amplifaya ambayo ni chuma na transfoma, halafu ndio uje huo ukuta. Bluetooth inatembea kwenye gigahezi 2.4, chuma kinayarudisha hayo mawimbi, jiwe nene linayala, barazani hakufiki kitu.

Kuna mteja wangu huku Majengo, nyumba ya Kiswahili, vyumba huku na huku ukumbi katikati uani nyuma. Tulizima Bluetooth ya kwenye bodi tukatumia kile kidude cha USB cha Bluetooth, lakini hatukukichomeka moja kwa moja, tulikitia kwenye waya wa USB wa kurefushia tukaupandisha na ukuta mpaka juu ya fremu ya mlango, kikawa kinatazama ukumbi wote mpaka mlango wa uani. Kidude ni cha bei rahisi tu, na kile kile kikikaa nyuma ya amplifaya hakivuki chumba. Juu ya mlango rimoti ilishika hadi kwenye kamba za nguo. Waya usizidi mita 5, USB ya kawaida ndio mwisho wake hapo. Na usikichomeke kwenye matundu ya USB 3, yale ya buluu, hasa kama pembeni umechomeka diski ya nje yenye nyimbo, manake USB 3 ikifanya kazi inamwaga kelele kwenye masafa hayo hayo ya 2.4. Intel walitoa andiko lao kuhusu hiyo kelele mwaka 2012, si maneno ya mtaani.

Mama wa Nyali, ghorofani
Kwangu ukuta si neno, fleti yenyewe ya juzi juzi, shida ni majirani. Simu ikiunganishwa na spika muziki unakatakata jioni tu, asubuhi hakuna shida, nikawa sielewi. Kijana wangu akafungua programu ya kuonyesha waifai za karibu, tukakuta ruta za jengo zima zimejaa chaneli 1, 6 na 11, na zote ni 2.4. Bluetooth ya muziki ina chaneli 79 nyembamba na inarukaruka mara 1600 kwa sekunde ikikwepa zilizojaa, lakini jioni kila mtu yuko nyumbani anatazama video, sasa ikwepe iende wapi? Tulichofanya tukahamishia TV na laptopu kwenye gigahezi 5, na ruta tukaiondoa juu ya amplifaya tukaipeleka upande wa pili wa sebule. Kukata kukaisha hapo, isipokuwa nikiwasha maikrowevu, nayo iko karibu na hizo hizo 2.4, basi napasha chakula muziki unagugumia kidogo halafu unarudi. Sikununua chochote.

Likoni
Mimi langu fupi. Angalieni maji. Huku tunaweka akiba mifereji ikikauka, mapipa na mitungi imepangwa koridoni, na spika iko nyuma yake. Nilisogeza mapipa upande mmoja nikaona tofauti siku ile ile. Maji yanayanyonya sana haya mawimbi, na mwili wa mtu pia ni maji, ndio maana simu ikiwa mfuko wa nyuma na umeipa spika kifua inakata, ukiishika mkononi inarudi.

Mwanafunzi wa umeme, Tudor
Nijibu hiyo ya dukani manake inawala watu pesa. Mara 4 ni kweli ipo, ilikuja na Bluetooth 5 mwaka 2016, lakini ni mtindo maalum wa kutuma taratibu, data inaongezewa ziada ili ikiharibika njiani upande wa pili uweze kuirekebisha, kasi inashuka kutoka megabiti 1 kwa sekunde hadi kilobiti 500 au 125. Kwanza ni ya ile Bluetooth ya kutumia umeme kidogo tu, yaani rimoti, saa, vipimo. Muziki unaotoka kwenye simu kwenda spika za kawaida unapita njia ya zamani na haupati hiyo faida hata kidogo. Pili, kiwanda hakilazimiki kuiweka, boksi linaweza kuandikwa 5 na mtindo huo haumo. Tatu, lazima pande zote mbili ziwe nayo. Kwa hivyo kaka wa Kibokoni ukinunua rimoti mpya peke yake na Pi ikabaki ile ile, usitegemee kitu.

Cha kuangalia kwenye boksi ni daraja la nguvu. Daraja la 1 linaruhusiwa kutuma hadi miliwati 100, linatajwa kama mita 100 pahali peupe. Daraja la 2 ni miliwati 2.5, kama mita 10. La 3 ni miliwati 1. Hizo mita ni za uwanjani, si za nyumba ya mawe. Hata peupe ukiongeza umbali mara mbili nguvu inayofika inabaki robo, sasa weka ukuta juu yake.

Bamburi
Hapo kwa daraja la 1 nataka kuongeza manake nilinunua. Kidude kina antena ya kufungua, kinatuma kwa nguvu, na bado simu yangu ikawa inakata nikifika bustanini, sikuelewa mpaka jamaa mmoja aliniambia hivi: simama Likoni na kipaza sauti, mwenzako yuko ng'ambo ya kisiwani hana kitu, atakusikia vizuri lakini akikujibu humsikii. Simu na rimoti ni dhaifu, na Bluetooth lazima zijibizane. Nguvu ya kutuma inasaidia upande mmoja. Antena nzuri ndio inasaidia kutuma na kusikia pia. Kwa hivyo nilibadilisha ile fimbo fupi nikaweka ndefu kidogo, nikaiinua dirishani, hapo ndio bustani ikapatikana. Na antena ya fimbo ikisimama wima inatupa pembeni pande zote, juu na chini inatupa kidogo sana. Kama unataka ghorofa ya juu ilaze.

Shanzu, karibu na bahari
Bamburi umesema dirishani, angalia chumvi. Yangu ilikaa dirishani nje, ikawa inashika vizuri halafu ikaanza kufifia pole pole. Nilipofungua pale inapokazwa nikakuta kijani na unga mweupe. Nilisafisha kwa spiriti, nikakausha, nikazungusha utepe wa mpira ule unaojishika wenyewe, na antena ikarudi ndani ya wavu. Upepo wetu huu hauachi chuma.

Changamwe
Kwa wanaotuma muziki toka simu ya Android kwenda spika, kabla ya yote ingia kwenye setingi, bonyeza namba ya toleo mara 7 zifunguke chaguo za wasanidi programu, utaona kodeki, yaani njia ya kubana muziki kabla ya kutumwa. Kama iko LDAC, ile ya ubora wa juu, kwenye kilobiti 990 kwa sekunde ishushe iwe 330 au weka SBC, ile ya kawaida. Ubora unapungua kidogo lakini ukiwa mbali haikati. Mimi masikio yangu jikoni hayajaona tofauti, na kitunguu kinakaangwa.

Mwenye uzi, Kibokoni
Wallahi mmenisaidia. Leo nimetoa Pi kabatini, kidude cha USB nimekipandisha juu ya mlango mkubwa kwa waya wa mita 3 kama fundi alivyosema. Mlango wenyewe wazi saa zote za jioni. Nimepima na programu ya simu ya nRF Connect, inaonyesha nguvu ya mawimbi kwa dBm, namba ikikaribia sifuri ndio nzuri; pale barazani rimoti kwanza ilikuwa inaonyesha -94 na kupotea, sasa inacheza kati ya -70 na -76, natawala sauti nikiwa nimekaa na kahawa. Jikoni bado. Jikoni iko nyuma ya kuta mbili na ngazi, inaonyesha -91, ukibonyeza inashika mara inakataa. Fundi, nichukue antena kubwa au?

Fundi, Majengo
Masha'Allah. -70 hiyo inakaa. -91 achana nayo, kuta mbili za matumbawe hazishindwi na antena, utatoa pesa bure. Jikoni usiipeleke Bluetooth, ipeleke waifai. Chukua bodi ndogo ya ESP32, ina Bluetooth na waifai pamoja, iweke jikoni kwa chaja ya simu ya zamani. Rimoti inaongea na ESP32 hapo hapo jikoni, mita chache hakuna ukuta, na ESP32 inapeleka amri kwa waifai mpaka kwa Pi. Kama Pi inacheza kwa MPD, ile programu ya kucheza muziki inayotawaliwa kwa mtandao, ni rahisi, inapokea amri za maandishi kwenye poti 6600, "next", "pause" na kadhalika. Hutaki kuandika kodi, simu kuukuu yenye programu ya MPD iache jikoni ukutani inafanya kazi ile ile. Rimoti ikishikana na ESP32 ya jikoni haitashikana na Pi wakati huo huo, kwa hivyo weka moja ya barazani na nyingine ya jikoni.

Kama waifai yenyewe haifiki jikoni, vuta waya wa mtandao mpaka huko kisha weka ruta ndogo. Lakini usitoboe kwanza. Huko kwako Mji wa Kale ni eneo la hifadhi na hayo matumbawe yakishaanza kumeguka hayasimami, pitisha waya pale pale ulipopita waya wa stima juu ya boriti, ila uuache mbali nao kidogo. Nitumie picha ya hiyo kona ya ngazi nikuambie upite upande gani.